Picha ya Mtoto kwenye Ukurasa wa Shule: Idhini Inayosimama Kisheria na Isiyosimama

Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza Roma School, shule iliyoko Uthiru jijini Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto hadharani bila idhini ya wazazi wao. Katika tangazo hilohilo, kampuni moja ya mikopo ya simu ilitozwa shilingi 2,975,000, na kilabu kimoja cha burudani shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja wake. Kati ya watatu hao, aliyetozwa nyingi zaidi ni shule.

Shule ikisikia habari kama hiyo, aghalabu jambo la kwanza inalofanya ni kuongeza mstari mmoja kwenye fomu ya kujiunga: "Mimi mzazi ninakubali shule itumie picha za mwanangu." Mzazi anatia saini palepale anapotia saini ya karo, sare na basi. Fomu inaingia kwenye faili na kila mtu anaona mambo yamekwisha. Hayajaisha. Mstari huo una kasoro kadhaa, na yoyote kati ya hizo inaweza kuiangusha shule mbele ya Kamishna. Kubwa kuliko hilo, haumlindi mtoto hata kidogo. Makala haya ni ya walimu wakuu, walimu wa darasa waliokabidhiwa ukurasa wa Facebook wa shule, na wazazi wanaotaka kujua wana haki ya kudai nini.

Sheria inayotawala ni Sheria ya Ulinzi wa Data, Nambari 24 ya 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019. Kifungu cha watoto ni cha 33, nacho ni kifupi. Kinakataza mtu au taasisi kuchakata data ya kibinafsi ya mtoto isipokuwa mzazi au mlezi ametoa idhini, na uchakataji wenyewe uwe wa namna inayolinda na kuendeleza haki na maslahi bora ya mtoto. Masharti hayo mawili yanatakiwa yatimie kwa pamoja. Kuchakata nako si kuchapisha tu. Kupiga picha, kuihifadhi kwenye simu, kuituma kwa mwalimu mwenzako na kuipakia mtandaoni, yote hayo ni kuchakata.

Wengi hulikumbuka sharti la kwanza wakalisahau la pili. Chukua picha ambayo huonekana sana kwenye kurasa za mashirika, makanisa na makao ya watoto: mtoto amesimama na mfadhili, ameshika hundi kubwa ya karo, na chini yake pameandikwa jina lake, kijiji chake na kwamba ni yatima au kwamba mama yake ni mgonjwa. Mama huenda alikubali, pengine kwa kuhofia kwamba akikataa karo haitalipwa. Karatasi ya idhini ipo. Lakini je, picha hiyo inaendeleza maslahi ya nani? Miaka kumi baadaye, mwajiri akiandika jina la kijana huyo kwenye Google, kitu cha kwanza atakachokiona ni umaskini wa familia yake na ugonjwa wa mama yake. Idhini ya mzazi haiwezi kuihalalisha picha ya namna hiyo. Anayetaka kumwonyesha mfadhili kwamba fedha zimefika ana njia nyingine: risiti ya shule, ripoti isiyo na jina, picha ya darasa jipya lililo tupu.

Kuna jambo jingine ambalo watu huliruka kwa sababu limejificha kwenye kifungu cha 2, mahali pa tafsiri. Sheria inapoeleza data nyeti inataja hali ya afya, asili ya kikabila na kijamii, imani, bayometriki kama alama za vidole, na pia maelezo ya familia yakiwemo majina ya watoto na wazazi wa mtu. Kwa hiyo maandishi kama "hongera mwana wa Bwana na Bibi fulani, Gredi ya 5" chini ya picha yanaingia katika kundi linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko data ya kawaida. Na mtoto, kwa Katiba ya Kenya, ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Msichana wa Kidato cha Tatu mwenye miaka 17 na akaunti tatu za mitandao bado anahitaji saini ya mzazi kabla picha yake haijawekwa kwenye bango la shule.

Tuje kwenye idhini yenyewe. Kifungu cha 32 kinaweka mzigo wa kuthibitisha kwa anayechakata, yaani shule ndiyo itakayotakiwa kuonyesha kwamba ilipewa idhini, wala si mzazi kuonyesha kwamba hakuitoa. Kifungu hicho pia kinampa mzazi haki ya kuiondoa idhini wakati wowote. Kanuni za jumla za ulinzi wa data za 2021, zilizotungwa chini ya sheria hiyo, zinaongeza kwamba mtu anayeombwa idhini aambiwe ni nani anayeomba, ni data ya aina gani, kila matumizi ni kwa lengo lipi, kama itapelekwa kwa watu wengine au nje ya nchi, na kwamba anaweza kubadili nia. Ukiupima ule mstari mmoja wa fomu kwa vipimo hivi, unaanguka mara moja. Hausemi picha zitakwenda wapi. Umefungwa pamoja na nafasi ya kusoma, kiasi kwamba mzazi haoni namna ya kukataa hili akabaki na lile. Hauna mwisho. Hausemi akibadili nia amwone nani.

Karatasi ya peke yake inatosha, ukurasa mmoja tu, isichanganywe na karo. Maneno yanaweza kuwa hivi:

"Shule ya ______, S.L.P. ______, inaomba idhini ya kupiga na kutumia picha za ______, nambari ya usajili ______. Tafadhali jibu kila mstari peke yake. Usichokikubali hatutakifanya, na mtoto hatanyimwa nafasi, huduma wala kushiriki shughuli yoyote kwa sababu hiyo.

Albamu ya darasa iliyochapishwa kwenye karatasi. Ndiyo / La
Kikundi cha WhatsApp cha wazazi wa darasa hili. Ndiyo / La
Ukurasa wa Facebook wa shule, ambao mtu yeyote duniani anaweza kuuona. Ndiyo / La
Mabango na matangazo ya kutafuta wanafunzi wapya. Ndiyo / La

Jina la mtoto halitaandikwa pamoja na picha. Idhini hii inakwisha muhula wa tatu wa mwaka ______ unapofungwa. Unaweza kuiondoa siku yoyote kwa kumwandikia ______, simu ______, na tutaziondoa picha kwenye kurasa zetu ndani ya siku 14. Fahamu kwamba picha ikiwekwa Facebook inahifadhiwa nje ya Kenya, na shule haina uwezo wa kumzuia mtu mwingine aliyekwisha kuihifadhi."

Mstari wa mabango umetengwa kwa sababu maalumu. Kutumia picha ya mtoto kumvutia mzazi mwingine alete mwanawe ni matumizi ya kibiashara, na kifungu cha 37 kinadai idhini ya wazi kwa matumizi hayo. Mzazi anayefurahia kuiona picha ya mwanawe kwenye kikundi cha darasa huenda hataki kabisa uso wa mtoto uwe kwenye bango la barabarani kwa miaka miwili. Ukimpa kisanduku kimoja cha yote umemnyima chaguo hilo, na idhini iliyotolewa hivyo haiwezi kuitwa ya hiari. Kanuni hizo za 2021 pia zinakataza kumchunguza na kumweka mtoto kwenye makundi kwa ajili ya kumuuzia bidhaa moja kwa moja. Kwa hilo mzazi hata haombwi, kwa kuwa limekatazwa.

Nani anatia saini? Mzazi au mlezi mwenye mamlaka ya malezi. Mjomba aliyemleta mtoto siku ya kwanza kwa sababu baba yuko safarini si lazima awe mlezi kisheria. Matroni wa bweni si mlezi. Shule haiwezi kujipa idhini kwa niaba ya mzazi kwa hoja kwamba wakati wa muhula mtoto yuko mikononi mwake. Wazazi walioachana wakipingana, mmoja akakubali na mwingine akakataa, shauri langu ni kumsikiliza aliyekataa. Kukosekana kwa picha hakumdhuru mtoto, ila kuwepo kwake kunaweza kumwonyesha mtu asiyetakiwa kujua mahali mtoto anaposoma.

Karatasi zikishakusanywa, tatizo linahamia uwanjani. Siku ya michezo faili limefungiwa ofisini, na mwenye kamera ni mwalimu wa kujitolea asiyejua nani amekubali na nani amekataa. Andaa daftari moja lenye nambari ya usajili, mistari ambayo mzazi amekubali, tarehe ya saini na nafasi ya tarehe ya kuondoa idhini. Mwalimu wa darasa apewe orodha fupi ya wasiopigwa picha za hadharani, awe nayo mfukoni. Kuna shule hufikiria kuwavalisha watoto hao utepe wa rangi. Msifanye hivyo. Utepe unamtangaza mtoto mbele ya wenzake, na wengine wana sababu nzito za kufichwa, kama vile kesi mahakamani au mzazi mkali anayemtafuta. Piga picha mbili: moja ya wote kwa ajili ya albamu ya karatasi ikiwa wazazi wote wamekubali albamu, nyingine ya waliokubali mtandao. Kutia ukungu usoni baadaye kunasaidia, lakini sare, kimo na majirani waliokaa pembeni humtambulisha mtoto kwa yeyote anayemjua.

Itazame picha moja kwa karibu kabla hujaipakia. Watoto sita wa Gredi ya 4 wamepanga mstari mbele ya basi la shule. Usoni hakuna tatizo, wote wameidhinishwa. Kwenye kifua cha wa pili kuna kibandiko chenye jina kamili. Ubavuni mwa basi pameandikwa mtaa linakopita. Nyuma yao kuna ubao wa matangazo wenye ratiba na saa ya kutoka. Faili lenyewe limepewa jina la mtoto mshindi, na jina la faili likipakiwa kwenye tovuti hubaki kwenye anwani ya picha ambapo mashine za utafutaji hulisoma. Halafu kuna kile kisichoonekana: simu iliyowashwa eneo kwenye kamera huandika ndani ya faili mahali picha ilipopigwa, kwa nambari za ramani. WhatsApp huondoa nambari hizo picha ikitumwa kama picha ya kawaida, ila ikitumwa kama hati huenda nazo vilevile, na tovuti ya shule mara nyingi huzihifadhi. Zima eneo kwenye mipangilio ya kamera, badilisha jina la faili liwe tarehe na nambari, kata kibandiko na ubao. Picha za safari zipakiwe watoto wakisharudi. Kutangaza "tuko hapa sasa hivi" ni kumpa mtu usiyemjua mahali walipo watoto arobaini saa hiyohiyo.

Vyeti na karatasi za matokeo ndizo picha ninazoziogopa zaidi. Jina, nambari ya mtihani, shule na alama vyote viko mahali pamoja. Cheti cha kuzaliwa kinaongeza tarehe ya kuzaliwa na majina ya wazazi wote wawili, nacho hupigwa picha na kutumwa kwenye simu ya karani wa shule kila mwanzo wa mwaka, kikabaki kwenye galari yake miaka na mikaka. Karani apewe barua pepe ya shule ya kupokelea nyaraka, azinakili kwenye mfumo, kisha azifute kwenye simu na kwenye hifadhi ya mtandaoni ambako simu hujinakili yenyewe. Simu hiyo ikiibiwa na kuna hatari ya kweli kwa watoto, kifungu cha 43 kinaipa shule saa 72 tangu ilipojua kumwarifu Kamishna, na wazazi nao waandikiwe. Saa 72 zinakwisha haraka ikiwa tukio ni la Ijumaa jioni na hakuna aliyepewa jukumu hilo.

Vikundi vya WhatsApp vinahitaji neno lake. Chini ya mtaala wa umilisi, mwalimu huwaomba wazazi wampige picha mtoto akifanya kazi nyumbani: anapika, anasuka mkeka, anapanda mboga. Picha hizo hutumwa kwenye kikundi cha wazazi wote, na ndani yake huonekana sebule, jikoni, mdogo wake aliyevaa nguo za ndani, na lango la nyumba. Lengo la mwalimu ni kuona kazi. Basi picha ya mkeka na mikono ya mtoto inatosha, na itumwe kwake moja kwa moja. Sheria inataka data ikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu, na hapa kanuni hiyo ni rahisi kuifuata bila gharama yoyote. Orodha za wenye madeni ya karo zikiwekwa kwenye kikundi zikiwa na majina ya watoto, huko ni kufichua hali ya kifedha ya familia na kumwaibisha mtoto kwa deni lisilo lake. Mwenye deni aandikiwe peke yake. Malipo ya M-Pesa nayo yatumie nambari ya usajili badala ya jina la mtoto na gredi yake, maana taarifa za malipo hupita mikononi mwa watu wengi.

Fomu za Google zina mtego wake. Unapotengeneza fomu ya safari na kuuliza jina, umri na mzio wa mtoto, usiruhusu waliojaza kuona muhtasari wa majibu, na jedwali la majibu lisishirikiwe kwa "yeyote aliye na kiungo". Mzio ni data ya afya. Kiungo kikisambazwa mara moja kwenye kikundi, hakuna namna ya kujua kimefika wapi.

Mzazi akiondoa idhini, au akitaka picha ifutwe, kanuni zimeweka fomu ya ombi la kufuta, DPG 5, na siku 14 za kulijibu. Ombi la kupewa nakala ya data ya mtoto inayohifadhiwa hujibiwa ndani ya siku 7, bila malipo. Kufuta kwenyewe ndiko kunakoharibika kwa kukosa ujuzi. Kwenye tovuti iliyojengwa kwa WordPress, ukifuta makala picha hubaki kwenye maktaba ya faili na anwani yake inaendelea kufunguka. Lazima ufute faili lenyewe. Kwenye Facebook, futa picha kwenye albamu, na uangalie kama ilitumika pia kama picha ya jalada. Kisha kuna simu ya mwalimu, kompyuta ya mchapishaji wa mabango na hifadhi ya mtandaoni. Mchapishaji huyo ni mchakataji wa data kwa niaba ya shule, na mkataba naye unatakiwa umwagize kufuta. Mwisho ni mashine za utafutaji. Tangu 2021 Google imeruhusu mtu aliye chini ya miaka 18, au mzazi wake, kuomba picha yake iondolewe kwenye matokeo ya utafutaji. Ombi hilo huondoa matokeo tu, picha hubaki kwenye tovuti iliyoiweka, kwa hiyo anza na tovuti.

Wapo watakaouliza: mbona TikTok na Instagram zinaruhusu miaka 13? Umri huo umetoka Marekani. Sheria yao ya faragha ya watoto mtandaoni, inayojulikana kama COPPA, ilipitishwa 1998 na kuanza kutumika Aprili 2000, nayo inadai idhini ya mzazi kwa watoto walio chini ya miaka 13. Kampuni za huko ziliuchukua umri huo zikaufanya masharti yao duniani kote. Umoja wa Ulaya uliweka miaka 16 na kuruhusu kila nchi ishushe hadi 13. Kenya haikushusha: ni 18, na kifungu cha 33 kinawataka wanaochakata data waweke njia za kuthibitisha umri na idhini. Mtoto wa miaka 14 wa Kisumu akifungua akaunti ametimiza masharti ya kampuni, lakini mzazi wake hajapoteza haki yake chini ya sheria ya Kenya.

Sheria za kigeni hata hivyo zinamgusa mtumiaji wa hapa kwa njia moja ya moja kwa moja. Mwaka 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kwa kukusanya data za watoto waliotazama video bila idhini ya wazazi. Kuanzia Januari 2020, kila mwenye chaneli popote alipo anatakiwa kuieleza YouTube kama video yake imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Shule au mtunzi wa nyimbo za watoto aliyeko Mombasa akiweka "ndiyo", maoni hufungwa na matangazo yanayofuata tabia ya mtazamaji huzimwa. Mapato hupungua, ni kweli, na ndiyo maana wengine huweka "hapana" kwenye video za alfabeti. Anayefanya hivyo anaiacha data ya watoto wa watu ikusanywe ili apate senti zaidi.

Mzazi mwenye kijana wa miaka 13 hadi 17 akague mambo mawili kwenye simu leo jioni. La kwanza, kama akaunti ni ya wazi au ya siri: Septemba 2023 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ireland iliitoza TikTok yuro milioni 345, na sababu mojawapo ilikuwa akaunti za watoto kuwekwa wazi tangu mwanzo. La pili, kama akaunti ya Instagram imegeuzwa kuwa ya biashara. Vijana huigeuza ili waone idadi ya watazamaji, na mwaka mmoja kabla ya hapo mamlaka hiyohiyo iliitoza Instagram yuro milioni 405 kwa sababu akaunti hizo zilikuwa zinaonyesha hadharani barua pepe na nambari za simu za watoto.

Na mzazi mwenyewe anayeweka picha za mwanawe? Sheria inaachilia shughuli za mtu binafsi za nyumbani. Picha ya siku ya kuzaliwa kwa ndugu na jamaa haimhusu Kamishna. Chaneli ya wazi inayoingiza pesa kwa vituko vya mtoto ni vigumu kuiita shughuli ya nyumbani, na mtoto wa jirani aliyeonekana kwenye video hiyo ana wazazi wake.

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 chini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Huko taarifa zinazohusu watoto zimewekwa moja kwa moja katika kundi la taarifa nyeti, ambazo kuzichakata kunahitaji kibali cha maandishi. Shule yenye matawi Mombasa na Tanga isidhani fomu moja itatosha pande zote.

Sheria ya Kenya imeacha mlango mmoja wazi bila idhini ya mzazi, na ni sawa umeachwa: huduma zinazotoa ushauri nasaha au ulinzi wa watoto pekee. Mtoto anayepigwa au kunajisiwa nyumbani akipiga 116, nambari ya simu ya watoto ambayo haitozi malipo, hatakiwi kuulizwa kama baba amekubali. Mwalimu asiiwekee huduma hiyo vizuizi kwa kisingizio cha ulinzi wa data.

Shule zote, hata ndogo, zinatakiwa kujisajili na Ofisi ya Kamishna. Msamaha wa taasisi zenye mapato chini ya shilingi milioni 5 na wafanyakazi chini ya 10 hauzihusu taasisi za elimu. Ada kwa taasisi ndogo ni shilingi 4,000 na cheti hudumu miezi 24. Cheti hicho ukutani hakithibitishi kwamba picha zina idhini, kwa hiyo mzazi asinyamazishwe nacho.

Mzazi mwenye lalamiko aanze kwa kuiandikia shule, si kwa simu, ili kuwe na tarehe. Kabla ya hapo apige skrinshoti ya ukurasa mzima ikionyesha anwani yake, jina la ukurasa na tarehe ya chapisho, kwa kuwa picha ikifutwa baada ya barua, ushahidi huondoka nayo. Aweke nakala ya fomu ya kujiunga aliyotia saini, hata kama ina ule mstari mmoja. Shule isipojibu au ikikataa, lalamiko linapelekwa kwa Kamishna kupitia tovuti ya ofisi hiyo, kwa barua, au kwa mdomo katika ofisi zake, zikiwemo za Mombasa, Kisumu na Nakuru. Hakuna ada. Upande wa pili hupewa siku 21 kujibu, na kifungu cha 56 kinataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90. Faini ya juu ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo, nayo haiendi kwa mzazi. Kwa hiyo anayetaka fidia aiandike wazi kwenye lalamiko, akitaja kifungu cha 65 na kueleza madhara yaliyompata mtoto, yakiwemo ya kihisia. Asiyeridhika na uamuzi anakwenda Mahakama Kuu.